Liwali na Bibi wa Mercia

Wazee wenzangu tuliosomeshwa historia ya Uingereza tunamkumbuka Mfalme Alfred wa Wessex na hadithi ya mikate aliyoiacha ikaungua. Ninyi vijana mliopo shuleni sasa huenda hata hiyo hamkuisikia. Lakini Alfred hakuwazuia Wadenmark peke yake, na hapana budi tumtaje mkwewe na binti yake.

Mercia ilikuwa ufalme wa katikati ya nchi. Mwaka 874 mfalme wake, Burgred, alishindwa na Wadenmark akakimbilia Roma. Mwaka 877 wakaigawa nchi, upande wa mashariki wakautwaa wao. Upande wa magharibi, kufikia mwaka 883, ulikuwa mikononi mwa Æthelred. Huyu hakujiita mfalme. Alikuwa ealdorman, cheo ambacho kwa lugha yetu naona kinakaribia liwali: mtawala wa jimbo, kiongozi wa jeshi lake na mkuu wa baraza, lakini juu yake yupo mkubwa. Alimkubali Alfred kuwa mkubwa huyo, na hilo si jambo dogo, maana Mercia na Wessex zilikuwa zikigombania ukuu tangu zamani. Alfred naye alijua kulipa. Alipoitwaa London mwaka 886 alimkabidhi Æthelred, kwa kuwa mji ule ulikuwa wa Mercia. Tena alimwoza binti yake mkubwa, Æthelflæd.

Æthelred alifariki mwaka 911. Edward, mwana wa Alfred, akaichukua London na Oxford, lakini sehemu iliyobaki alimwachia dada yake, naye akaitwa Bibi wa Wamercia. Bibi huyu hakukaa ndani. Alijenga ngome mwaka hata mwaka: Tamworth na Stafford mwaka 913, Warwick mwaka 914, Runcorn mwaka 915. Mwaka 917 jeshi lake liliiteka Derby, na maakida wanne aliowapenda sana wakauawa ndani ya malango. Mwaka uliofuata Leicester ilijisalimisha bila vita, na watu wa York wakaahidi kumtii. Kabla hawajatimiza ahadi, akafa huko Tamworth, tarehe 12 Juni 918.

Alimwacha binti, Ælfwynn. Kabla mwaka haujaisha, mjomba wake Edward alimvua madaraka yote akampeleka Wessex. Waandishi wa Wessex hawakupoteza wino mwingi kwa mama wala kwa binti. Habari za maakida wa Derby na za Ælfwynn tunazijua kwa sababu watu wa Mercia waliandika kumbukumbu zao wenyewe.