Injini na Gia za Motokaa za Theluji

Leo tutazungumza habari za motokaa za theluji: zilianzaje, zilishindwa wapi, na fundi anayetaka kuifufua moja ya zamani achague injini gani na gia gani. Huenda ukacheka. Theluji yetu iko juu ya Kibo, wala hakuna apitaye huko kwa motokaa. Lakini fundi wa lori wa Dodoma na fundi wa nchi za baridi wanaulizana swali lile lile: nguvu imo katika injini, je, itafikaje chini?

Kwanza uielewe theluji yenyewe. Theluji mpya ni laini kama unga, na gurudumu jembamba huzama ndani yake. Kwa hiyo gari la theluji hutembea juu ya minyororo mipana kama ya tingatinga, ili uzito wake utandazwe. Tena theluji hushika. Lori likiwa barabarani, ukikanyaga klachi ili ubadili gia, huendelea kwenda kwa mwendo liliokuwa nao. Katika theluji nyingi gari husimama papo hapo. Likumbuke jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Mwaka 1910 Mwingereza mmoja, Robert Scott, alifunga safari kwenda Ncha ya Kusini, mahali dunia inapoishia upande wa kusini, katika bara la barafu liitwalo Antaktika. Alichukua farasi wadogo, mbwa, na magari matatu ya minyororo yenye injini za Wolseley. Moja lilizama Januari 1911, lilipokuwa likiteremshwa kutoka melini, barafu ya bahari ikapasuka chini yake. Mawili yaliyobaki yalianza safari tarehe 24 Oktoba 1911, yakivuta mizigo.

Injini zake hazikuwa na rejeta. Zilipozwa kwa hewa tu. Utadhani kwamba katika baridi kali namna ile hakuna injini iwezayo kuchemka. Sivyo. Gari lilikwenda polepole kama mtu atembeaye, na injini ilifanya kazi kwa nguvu zake zote. Silinda zikapata moto kupita kiasi. Ikawa lazima kusimama ili zipoe. Na wakisimama sana, kabureta inakuwa baridi mno, injini haiwaki. Mwishowe beringi za konrodi zikavunjika. Fundi Bernard Day alijitahidi sana, lakini mwanzoni mwa Novemba magari yote mawili yalikuwa yameachwa njiani. Watu wanne waliokuwa nayo wakajifunga kamba wakavuta mizigo wenyewe.

Scott na wenzake wanne walifika Nchani tarehe 17 Januari 1912, wakafa wote watano katika kurudi. Siwezi kusema kwamba waliuawa na beringi. Baridi, njaa na uchovu vilikuwapo pia. Lakini utaona kwamba huko injini ikifa, hakuna gari jingine litakalopita kesho likuchukue.

Wengine wakafikiri kwamba dawa ni kuongeza nguvu. Januari 1940 Wamarekani waliteremsha Antaktika gari kubwa ajabu, uzito wake zaidi ya tani 30. Lilikuwa na injini mbili za dizeli, kila moja nguvu za farasi 150. Injini hizo zilizalisha umeme, na umeme ukazungusha mota katika kila gurudumu. Hesabu nzuri sana kwenye karatasi! Ila matairi yake yalikuwa laini, hayana meno, yenye kimo cha mita 3. Yakazunguka bure na kuzama. Gari hilo lilikwenda vizuri zaidi likirudi nyuma, na safari yake ndefu kuliko zote, maili 92, ilikwenda kinyumenyume. Kisha likaachwa.

Sasa tufike kwa gari tunalolitaka. Huko Oregon, Marekani, Emmitt Tucker alitengeneza gari lililoitwa Sno-Cat. Lina minyororo minne, miwili mbele na miwili nyuma, na yote minne husukuma. Likikata kona, ekseli ya mbele hugeuka upande mmoja na ya nyuma upande wa pili, kwa hiyo minyororo yote huendelea kuvuta.

Bwana Vivian Fuchs alichukua magari manne ya namna hiyo, yenye injini za petroli za Chrysler za silinda nane, akavuka nayo Antaktika yote. Jina lake si geni Kenya: mwaka 1934 aliongoza wachunguzi wa miamba kwenye Ziwa Rudolf, ambalo sasa ni Ziwa Turkana, na wenzake wawili walipotea huko wasionekane tena. Alianza kuvuka Antaktika tarehe 24 Novemba 1957, akamaliza tarehe 2 Machi 1958: siku 99, maili 2,158. Nyufa za barafu zilifunguka chini ya minyororo, gari moja likabaki linaning'inia. Mafundi David Pratt na Roy Homard walifanya kazi ya kutengeneza katika upepo ule. Magari ya aina nyingine waliyoanza nayo yaliachwa njiani. Sno-Cat zote nne zilifika.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest mwaka 1953, alitangulia kufika Nchani kutoka upande wa pili, tarehe 4 Januari 1958, kwa matrekta matatu ya shamba ya Ferguson yaliyofungwa minyororo. Kila trekta ilikuwa na nguvu za farasi kama 28 tu. Huko juu, futi zaidi ya 9,000, hewa ni nyepesi na injini hupoteza kadiri ya robo ya nguvu zake. Gia nzito ndizo zilizowafikisha.

Mwalimu wa darasa aandike hesabu hii ubaoni. Injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Gia ya kwanza inapunguza mara 6, difu inapunguza mara 5. Basi ekseli inazunguka mara 100. Mwendo umepungua mara 30, na nguvu ya kusokota imeongezeka karibu mara 30, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano.

Hapo ndipo kosa la mafundi wengi wanaofufua Sno-Cat za zamani. Huona injini kuukuu ya silinda sita, wakaitupa, wakatia dizeli kubwa. Lakini nguvu yoyote unayoiongeza kwenye injini huongezwa mara 30 pale kwenye ekseli, na ekseli ni ile ile ya zamani. Itakatika, na itakatika mbali na nyumbani. Tena dizeli ni nzito. Ikiwekwa mbele, minyororo ya mbele huzama. Huzunguka polepole pia: mahali petroli inapotoa mizunguko 3,000, dizeli ikitoa 2,500, mwendo wako umepungua sehemu moja ya sita, mpaka ubadili difu. Na mafuta ya dizeli ya kawaida huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi.

Ningeanza nyuma, si mbele. Fungua difu, pima meno, tazama ekseli, ndipo ujue zitachukua nguvu kiasi gani. Kisha chagua injini ya petroli isiyozidi hapo. Chrysler ya silinda nane ya wastani yatosha kwa gari kubwa, na ya silinda sita kwa dogo. Gia nazo, ningechagua zinazojibadili zenyewe. Unakumbuka habari ya klachi? Gia hizo hupitisha nguvu kwa mafuta yanayozunguka, kwa hiyo gari halisimami zinapobadilika. Lakini mafuta hayo hupata moto sana gari likivuta polepole, kama silinda za Scott, wala baridi ya nje haitayasaidia yakiwa yamefungiwa ndani. Yafungie rejeta yao yenyewe, mahali ambapo theluji haitaiziba.

Kama gari ni la kuonyeshwa tu, rudisha injini yake ya kwanza. Moja ya magari ya Fuchs, lililoitwa Able, lilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Canterbury, mjini Christchurch, New Zealand. Na kama ni la kazi, ile injini uliyoitoa ipake mafuta, iweke bandani. Mnunuzi wa baadaye ataiulizia.