Mwili Mmoja, Jinsia Mbili: Kwa Nini Katanga Imtafute Kipepeo Adimu

Kipepeo Hypolimnas misippus hupatikana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, na Katanga imo. Dume ni mweusi, mwenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Jike ana rangi ya chungwa, ameiga sura ya Danaus chrysippus ambaye ndege humkwepa kwa sumu yake. Asiyewajua atadhani ni spishi mbili.

Hebu tumfikirie mmoja mwenye mabawa ya dume kushoto na ya jike kulia, mpaka ukipita katikati ya mgongo. Huyo ndiye jinandromofu. Mwaka 2011, Papilio memnon wa namna hiyo alipotoka kwenye pupa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, ilielezwa kwamba kati ya vipepeo milioni 4.5 waliohifadhiwa humo, jinandromofu ni kama 200 tu.

Uadimu huo humfanya aonekane kioja. Makala hii inashikilia kwamba yeye ni ushahidi, tena ushahidi ambao Lubumbashi, jiji la Katanga, ina nafasi nzuri ya kuutafuta.

Ushahidi wa nini? Kwa binadamu, homoni husambaa katika damu na kuutangazia mwili wote jinsia yake. Kwa kipepeo, kila seli husoma kromosomu zake yenyewe: Z mbili ni dume, Z na W ni jike. Mara chache yai hubaki na viini viwili, kimoja chenye Z na kingine chenye W, kila kimoja kikarutubishwa na mbegu yake. Nusu mbili hukua bega kwa bega, wala hakuna homoni ya kuzisawazisha. Ndiyo maana mpaka ule hunyooka namna ile.

Nondo nao hupatwa na hali hii, na hapo ndipo Lubumbashi inapoingia. Finkubala wanaouzwa wakavu sokoni ni viwavi, wengi wao wa nondo wakubwa wa misitu ya miombo. Mwaka 1980 François Malaisse, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Parent walitambua aina 35 za viwavi wanaoliwa kusini mwa jimbo la Katanga, lililoitwa Shaba wakati huo. Wachumaji wanajua kiwavi yupi hula majani ya mti gani na hushuka msimu upi. Ujuzi huo ni hazina kwa mtafiti, ila kiwavi aliyekaushwa hafiki kuwa nondo.

Basi sehemu ndogo ya mavuno ingefugwa hadi ikomae. Kwa nondo hawa, tofauti huanzia kwenye vipapasio: vya dume ni vipana kama unyoya, vya jike ni vyembamba. Vipapasio viwili visivyofanana kwenye kichwa kimoja vinatosha kumshtua mwanafunzi makini, hata kabla hajatazama mabawa.

Sampuli nyingi za enzi ya ukoloni, zikiwemo za Charles Seydel aliyekusanya vipepeo akiwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, zilihamia Ubelgiji. Jinandromofu atakayepatikana sasa abaki Lubumbashi, na lebo yake itaje tarehe, mahali na mti alikolelewa. Mguu mmoja wa kila upande uwekwe kwenye alkoholi, ili Z na W ziweze kusomwa pande zote mbili.