Milango ya Oktoba

Mwaka 1903 mabingwa wa ligi mbili kubwa za besiboli nchini Marekani walikutana kwenye fainali iliyokuja kujulikana kama World Series. Boston Americans waliwashinda Pittsburgh Pirates mechi 5 kwa 3. Mwaka uliofuata fainali haikuchezwa, kwa kuwa New York Giants waligoma kucheza na bingwa wa ligi changa waliyoidharau. Lawama zilikuwa nyingi, na mmiliki wao, John T. Brush, ndiye aliyeandika kanuni za fainali ya 1905: anayetangulia kushinda mechi 4 kati ya 7 ndiye bingwa.

Kwa zaidi ya miaka 60, anayeongoza ligi yake alikwenda fainali moja kwa moja. Wa pili hakupata kitu. Mwaka 1969, ligi zilipofikisha timu 12 kila moja, ziligawanywa katika makundi ya Mashariki na Magharibi, na hapo nusu fainali kati ya vinara wa makundi ikaanza.

Hata hivyo, ugumu ulibaki. Mwaka 1993 San Francisco Giants na Atlanta Braves walifika siku ya mwisho ya msimu wa mechi 162 wakiwa sare kileleni mwa kundi moja, kila timu na ushindi 103. Atlanta wakashinda. Giants, waliokuwa na Barry Bonds, mchezaji bora wa ligi yao mwaka huo, wakachapwa 12-1 na mahasimu wao Dodgers. Mike Piazza wa Dodgers aliuvusha mpira ukuta mara mbili. Ushindi 103, na msimu ukaishia hapo!

Wamiliki wa timu walikuwa wameshakubali kumfungulia mlango mshindi wa pili bora. Mgomo wa wachezaji ulifuta mchujo wa 1994, hivyo utaratibu huo ukaanza 1995. Mwaka 1997 Florida Marlins waliupitia mlango huo hadi wakatwaa ubingwa.

Tangu 2022 zinaingia timu 12, sita kila ligi: vinara watatu wa makundi na timu tatu bora zilizosalia. Vinara wawili wa juu husubiri raundi ya pili. Wengine huanza na mechi 3, zote kwenye uwanja wa aliye juu, kisha huja raundi ya mechi 5, halafu nusu fainali na fainali za mechi 7.

Mwaka 2023 Arizona Diamondbacks walifika fainali wakiwa na ushindi 84 tu, wakafungwa na Texas Rangers. Wapo wanaolalamika kwamba mlango umekuwa mpana mno. Lakini mfumo huu una haki kuliko ule uliowaacha nje Giants wa 1993.