Maktaba Iliyojaa na Maktaba Inayotumika: Shughuli za Rika Zote katika Maktaba za Umma za Afrika Mashariki

Wiki chache kabla ya mitihani ya kidato cha nne, anayetaka kiti katika maktaba ya umma ya mji mkubwa hana budi kuwahi mlangoni. Wanafunzi huja na madaftari yao na karatasi za mitihani iliyopita, hukaa hadi saa ya kufunga, kisha huondoka bila kugusa rafu. Mwisho wa mwaka hesabu yao huingia katika ripoti kama idadi ya wasomaji waliohudumiwa. Kwamba maktaba ilijaa ni kweli. Kama ilitumika ni swali jingine, na ndilo la makala hii. Hoja yangu ni kwamba usimuliaji wa hadithi, vikundi vya kusoma, madarasa ya watu wazima na mikutano ya wakazi ni kazi ya msingi ya maktaba ya umma, wala si pambo la kuongezwa mfadhili akipatikana. Nashikilia pia kwamba maneno “rika zote” tumeyafasiri vibaya: tumeyafanya ratiba ya kugawa watu, kila umri na saa yake, ilhali maktaba ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo watu wa umri tofauti wangeweza kuhitajiana.

Mfumo tulionao ulichorwa karibu wakati wa uhuru. Mwaka 1960 Sydney Hockey alitoa ripoti kuhusu maendeleo ya huduma za maktaba Afrika Mashariki, na baada yake zikafuata sheria: Tanganyika mwaka 1963, Kenya mwaka 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Siku yenyewe, sikukuu ya uhuru, ilitangaza kwamba kitabu sasa ni mali ya wananchi. Tangazo hilo lilikuwa na uzito ukikumbuka kwamba maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958. Mlango ulifunguliwa, basi. Lakini kilichokuwa ndani hakikubadilika sana: ukumbi wa kusomea kimya, rafu zilizojaa vitabu vya Kiingereza, na dawati la kuazimia. Mpango huo ulimdhania msomaji aliyekwisha kuwa msomaji kabla hajafika.

Nafasi hiyo ikajazwa na mwanafunzi wa mtihani, na simlaumu. Nyumbani kwao chumba ni kimoja, umeme wa kukatika, wadogo zake wanapiga kelele. Maktaba inayompa meza na taa inatenda haki. Ila tuwatazame wasiokuwepo: mama mwenye mtoto wa miaka mitatu, mstaafu, dereva wa bodaboda, mvuvi, asiyeona. Hawa hawakufukuzwa na mtu. Hakuna tu kilichoandaliwa ambacho kingewafanya wafike.

Husemwa kwamba watu wazima wetu hawana utamaduni wa kusoma. Kauli hii hurudiwa kwenye warsha mpaka imekuwa kama sala, na historia ya Tanzania inaipinga waziwazi. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, vijijini na mijini. Ilivyoendeshwa ndiko kwenye somo. Kikundi kilikutana kila wiki chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Kwanza walisikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu cha Kiswahili, wakajadili malaria au kichocho au maji machafu kama vilivyo kijijini kwao, halafu wakaamua la kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka nyasi kuzunguka nyumba. Katika miaka hiyohiyo ya kisomo, idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilishuka, kwa hesabu za serikali, kutoka karibu theluthi mbili hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Tusiipambe kupita kiasi. Kampeni ilisukumwa na chama na serikali, na ushiriki wa baadhi ya watu ulikuwa wa kutii kuliko kupenda. Msukumo ulipolegea, wengi waliojifunza kusoma walikosa cha kusoma, licha ya magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji zilizoanzishwa kwa ajili yao. Hata hivyo mtindo wa kikundi kile unafaa kuchunguzwa kuliko shughuli nyingi zinazoagizwa leo kutoka miongozo ya ng’ambo. Mtu mzima alifuata maandishi kwa sababu yaligusa jambo lake, yalikuwa kwa lugha yake, na aliyasoma pamoja na majirani. Asiyejua herufi hakuachwa nje, kwa kuwa kijitabu kilipitia sauti ya mwenzake. Hiyo ni shughuli ya maktaba kwa kila kipimo, ingawa ilifanyika chini ya mwembe na iliratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Maktaba ya mkoa inaweza kuifufua kesho kuhusu kisukari, hati za ardhi au mikopo ya mtandaoni inayowakaba watu. Haihitaji kibali cha wizara wala mfadhili. Inahitaji kijitabu, mtu wa kuongoza, na saa ya kudumu.

Kwa watoto hali ni hiyohiyo. Kona ya watoto yenye viti vidogo na picha za wanyama ukutani ni jambo jema, lakini mara nyingi huwa kona tu: mtoto anaachwa mbele ya vitabu ambavyo hakuna aliyemsomea. Tangazo la UNESCO kuhusu maktaba za umma, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1949, lilipofanyiwa marekebisho mwaka 1994 liliitaja fasihi simulizi miongoni mwa mambo ambayo maktaba ina wajibu wa kuyaunga mkono. Ajabu ni kwamba sisi tulio matajiri wa ngano ndio tunaoona haya kuziingiza maktabani. Bibi anayejua kuanza na “Paukwa!” na kuitikiwa “Pakawa!” ana ujuzi ambao mkutubi hakufundishwa chuoni. Akimaliza ngano ya sungura, mkutubi afungue kitabu chenye sungura mwingine, awasomee, awaachie wakiazime. Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze Tanzania mwaka 1991, hatuwezi tena kusema kwamba vitabu vya Kiswahili vya umri huo havipo.

Hapa ndipo ugawaji kwa rika unapoonyesha udhaifu wake. Katika saa ile ya ngano mzee hakuletwa kuburudishwa katika “siku ya wazee”, alihitajika. Mwanafunzi wa kidato cha nne naye, anayekalia kiti kuanzia Januari, anaweza kuwasomea watoto wa darasa la pili Jumamosi asubuhi, au kumsaidia mstaafu anayetakiwa kujaza fomu ya serikali mtandaoni. Kwa sasa mstaafu huyo huenda steshenari au saiba, hulipa, na humtajia kijana asiyemjua neno lake la siri kwa sauti mbele ya foleni. Maktaba yenye kompyuta mbili na kanuni za usiri ingemstahi zaidi. Na mwanafunzi angeondoka na kitu ambacho karatasi za mitihani iliyopita hazimpi.

Wakutubi wenzangu hunijibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kelele: ukumbi ni mmoja, na watahiniwa wana haki ya utulivu. Ni kweli, lakini asubuhi za siku za shule wanafunzi wako madarasani na ukumbi una nafasi. Hapo ndipo pa watu wazima na watoto wadogo. Kuna pia baraza na kivuli cha mti. Huduma ya maktaba ya ngamia iliyoanzishwa na Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya mwaka 1996 huko Garissa iliwafikia wafugaji wanaohamahama kwa masanduku ya vitabu, hema na mikeka. Anayeshindwa kusogeza meza mjini baada ya kusikia hayo ana tatizo lisilokuwa la ukumbi.

La pili ni fedha, na hili nalichukulia kwa uzito zaidi. Shughuli nyingi za maktaba zetu huzaliwa na mradi na hufa nao: miaka miwili ya hadithi za Jumamosi, fulana zenye nembo, picha ya pamoja, kisha kimya. Sababu ni kwamba shughuli hazina kasma katika bajeti ya maktaba, wala hazimo katika majukumu ya kazi ya mtu yeyote. Mkutubi hupimwa kwa vitabu alivyoorodhesha. Hadithi aliyosimulia ni hiari yake. Kwenye ngazi ya serikali za mitaa mambo ni magumu zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti maktaba ndani ya kifungu kilekile chenye kamari, leseni za vileo na kumbi za sinema. Jirani hao huleta mapato. Maktaba huleta gharama, na si vigumu kukisia nani husikilizwa kwanza bajeti inapojadiliwa.

Pamoja na hayo, ukubwa wa mfuko hauamui kila kitu. Maktaba ya jamii ya Kitengesa, karibu na Masaka nchini Uganda, ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari, ikakua hadi kuhudumia watu wazima wa vijiji vya jirani. Kinachoangusha shughuli kwa kawaida ni kukosa mwenyewe.

Naongeza tahadhari moja. Si kila mkusanyiko unaofanyika ndani ya maktaba ni shughuli ya maktaba. Kukodisha ukumbi kwa sherehe ya mahafali ni biashara, na mafunzo ya kutengeneza sabuni yasiyogusa maandishi hata kidogo yangefaa zaidi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Kigezo changu ni rahisi: mshiriki aondoke akiwa amekutana na maandishi, rekodi au simulizi ambayo hakuwa nayo, na ajue pa kurudi kutafuta zaidi. Mafunzo ya sabuni yakija na kijitabu, na kijitabu kikabaki rafuni kwa wa kesho, yanakaribishwa. Ada ya mlangoni nayo, popote inapotozwa, iondolewe siku za shughuli. Aliyealikwa kusikiliza hadithi hadaiwi kiingilio.

Vipimo navyo vibadilike. Badala ya kuhesabu vichwa mlangoni, ripoti ioneshe ni rika gani hazikufika mwezi huo, wangapi walirudi baada ya shughuli ya kwanza, na vitabu gani viliazimwa katika wiki iliyofuata. Hesabu hizi hazitaki programu ya kompyuta. Daftari na kalamu vinatosha.

Wakurugenzi wa bodi za maktaba na maofisa wa halmashauri na kaunti wanaoandaa bajeti ya mwaka ujao waingize kasma moja ya shughuli za jamii, hata ikiwa ndogo, na waandike mbele yake jina la mtumishi mmoja atakayeulizwa juu yake kila robo mwaka.