Batli ya Chombo na Batli ya Mashine

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno la leo: BATLI. Lisomeni pamoja, kisha sikilizeni.

Leo twataka kujua jinsi watu walivyoanza kuandika mambo saa yanapotendeka, na jinsi desturi hiyo ilivyotoka baharini ikafika ndani ya mashine ndogo zinazowasha taa na pampu majumbani. Ninyi mnaojifunza kuandika mtaona kwamba hata mashine hapana budi ifundishwe kuandika. Isipoandika, makosa yake hubebeshwa mtu.

Zamani mabaharia walipotaka kujua mwendo wa chombo, walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo. Mmoja aligeuza chupa ya mchanga, mwingine akahesabu mafundo yaliyompita mkononi mpaka mchanga ukaisha. Mwingereza William Bourne alieleza kipimo hiki katika kitabu chake cha mwaka 1574. Kwa Kiingereza kiliitwa gogo. Mabaharia wa pwani yetu walikiita batli, na kupima huko wakakuita kutia batli. Hata leo mwendo wa meli hupimwa kwa mafundo, na fundo moja ni kilomita 1.852 kwa saa.

Hesabu hiyo iliandikwa katika kitabu pamoja na saa, upepo na upande wa safari. Kwa nini? Kwa sababu bahari haina alama za njia, na akili ya mtu aliyechoka husahau. Chombo kikipotea, nahodha alisoma kitabu na kurudi nyuma, mstari kwa mstari, mpaka mahali kosa lilipoanzia. Na vyombo vikigongana, kitabu kilisomwa mbele ya hakimu. Basi batli ilikuwa kumbukumbu, tena ilikuwa shahidi.

Sasa twendeni Marekani. Mwaka 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard kulikuwa na mashine kubwa ya hesabu iitwayo Mark II. Waliohudumu waliandika kazi zake katika daftari, kama mabaharia. Tarehe 9 Septemba mashine ilikosea, nao wakamkuta nondo amenaswa katika swichi namba 70. Wakambandika nondo huyo katika daftari, wakaandika saa na mahali alipokutwa. Daftari hilo, na nondo wake, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Tazameni: kosa lilipata tarehe, saa na mahali. Kosa lenye mambo hayo matatu laweza kutafutwa.

Baadaye mashine ziliongeza mwendo mno, mtu asiweze kuziandikia. Ikabidi ziandike zenyewe. Katika miaka ya 1980 Eric Allman, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitunga programu ya kupeleka barua za kompyuta, na pamoja nayo programu ya kuandika batli iitwayo syslog. Programu nyingine zikaiazima. Katika utaratibu wake ujumbe una daraja 8, toka 0, yaani hatari kubwa kabisa, mpaka 7, yaani maelezo ya fundi tu. Daraja hizi zina faida kubwa, kwani anayepiga kelele kwa kila jambo hasikilizwi siku nyumba inapoungua.

Sasa tufike nyumbani. Mwaka 1974 kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza TMS 1000, kompyuta nzima iliyowekwa katika chipu moja. Kompyuta ya namna hii yaitwa maikrokontrola. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ya bei nafuu, ESP8266, yenye uwezo wa kuungana na intaneti bila waya. Mwaka 2016 ikafuata ESP32. Toka hapo mafundi wengi, hata wasio na viwanda, wakaweza kutengeneza vifaa vya kufungua malango, kupima joto na kuvuta maji.

Lakini mara nyingi kifaa hiki hakina kioo wala sauti. Kikikosea hunyamaza. Basi fundi hukipa njia ya kusema: huunga waya na kuisoma kwenye kompyuta yake. Mwendo wa kawaida wa waya huo ni biti 115,200 kwa sekunde. Kila herufi huchukua biti 10, maana yake herufi 11,520 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: mstari wa herufi 80 huchukua karibu sehemu 7 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Kwetu ni kufumba na kufumbua. Lakini ESP32 yaweza kupiga mapigo milioni 240 kwa sekunde. Ikisimama kungoja mstari huo, hupoteza mapigo zaidi ya 1,600,000. Kwa hiyo kuandika sana nako kwaweza kuchelewesha kazi.

Je, tuandike kidogo, au tunyamaze? Sikilizeni habari ya Mars Pathfinder. Chombo hiki cha Marekani kilitua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha upya, na kazi ya siku hukatika. Hakuna fundi awezaye kwenda huko na bisibisi! Lakini watunzi wa programu walikuwa hawakuondoa sehemu ya kuandika matukio. Huko California walikuwa na mashine iliyofanana nayo. Wakaifungulia batli, wakaiendesha saa nyingi mpaka ikakosea vilevile, kisha wakasoma. Wakaona kwamba kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilishika ufunguo uliotakiwa na kazi kubwa. Kazi ya kati ikaingia, ikaizuia ile ndogo isimalize. Kubwa ikangoja mpaka mashine ikadhani imeharibika. Wakatuma sahihisho kwa redio, na chombo kikaendelea kufanya kazi mpaka Septemba mwaka huohuo.

Turudi duniani. Chukueni mfano wa nyumba yenye pampu inayoendeshwa na maikrokontrola. Asubuhi tangi limefurika na maji yametapakaa uani. Kifaa kimenyamaza, nani atalaumiwa? Mlinzi wa usiku. Ataambiwa alichezea swichi, na pengine atakatwa mshahara. Lakini kama fundi alikifundisha kifaa kuandika, tutasoma hivi:

Saa 8:14 usiku. HABARI: pampu imewashwa, maji sentimita 40.
Saa 8:31 usiku. ONYO: kipimo cha maji hakijibu, mara ya 1.
Saa 8:32 usiku. ONYO: kipimo cha maji hakijibu, mara ya 2.
Saa 8:33 usiku. KOSA: kipimo hakijibu, mara ya 3. Pampu bado inavuta.

Mistari minne imemwokoa mtu, tena imemwonyesha fundi dawa: kipimo kisipojibu mara tatu, pampu na izimwe.

Ujumbe mzuri, basi, hutaja saa, daraja, sehemu iliyohusika na kiasi kilichopimwa. Kusema "kuna tatizo" tu hakumsaidii mtu. Kadhalika, kifaa kinapowaka kiandike sababu iliyokizima: umeme ulikatika, au programu ilikwama? Na kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi ni ndogo, mstari mpya hufuta ule wa zamani kuliko yote.

Lakini kuna jambo la kuogopa. Batli ya nyumba yajua saa mnazolala na saa mnazotoka. Neno la siri la intaneti lisiandikwe humo kamwe, wala daftari hilo lisipelekwe mahali ambapo wenye nyumba hawakuambiwa. Shahidi akigeuka mpelelezi, hana faida tena.

Na sasa, maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini nahodha aliandika saa pamoja na mwendo wa chombo?
2. Mistari miwili ya ONYO ina tofauti gani na mstari wa KOSA?
3. Katika kazi yako, shambani, dukani au kiwandani, ni jambo gani likiandikwa kila siku lingeweza kumwokoa mtu asiyekuwa na hatia?

Kila mmoja aandike jibu la swali la tatu kwa mistari minne, akitaja tarehe na saa. Kwaherini.