Qadiriya katika bonde la Lukuledi: tarika ilivyopanda kutoka pwani ya Lindi

Kilwa ilikuwa mji wa Waislamu kwa karne nyingi kabla tarika yoyote haijapata wafuasi wengi katika mwambao wa kusini mwa Tanzania. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, aliwakuta watu wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, chini ya sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye ukarimu wake kwa masharifu na mafakiri ulimpa sifa. Dini hiyo, hata hivyo, ilikaa mijini. Ilikuwa sehemu ya uungwana, pamoja na nyumba ya mawe, nasaba na nguo nzuri, na Mmwera au Mmakonde aliyeshuka pwani kuuza nta au pembe aliiona kwa mbali kama mali ya wenyewe. Kilichobadilisha hali hiyo katika kipindi cha vizazi viwili tu, kati ya miaka ya 1880 na ya 1930, kilikuwa kwa kiasi kikubwa tarika, na hasa Qadiriya.

Tarika ni njia ya malezi ya kiroho inayomfunga muridi, yaani mwanafunzi, kwa sheikh anayemwongoza. Muridi hutoa baia, ambayo ni ahadi ya utii. Hupewa nyiradi, yaani maneno ya kumtaja Mungu yanayosomwa kwa nyakati maalumu. Naye huhudhuria dhikri, mkusanyiko wa pamoja wa kulitaja jina la Mungu kwa sauti na pumzi. Aliyeiva hupewa ijaza, idhini ya kuwaingiza wengine, na jina lake huunganishwa na silsila, mnyororo wa masheikh unaorudi nyuma hadi kwa mwasisi na kutoka kwake hadi kwa Mtume. Mwasisi ambaye Qadiriya inajiita kwa jina lake ni Abdul Qadir al-Jilani, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyehubiri Baghdad na kufia huko mwaka 1166, ingawa mpangilio wa tarika yenyewe ulikamilishwa na wanawe na wanafunzi waliomfuata.

Katika Afrika Mashariki jina linalotajwa kwanza ni la Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa, katika pwani ya Somalia, mwaka 1847. Alikwenda Baghdad, akapata ijaza penye kaburi la al-Jilani, akarudi nyumbani kufundisha, na katika miaka ya 1880 akafika Unguja, ambako Sultani Barghash bin Said alimkaribisha, jambo la kuangaliwa kwa makini kwa kuwa Barghash alikuwa Ibadhi na madhehebu yake hayakuwa na desturi ya tarika. Uways hakuhitaji kuzunguka mrima wote yeye mwenyewe. Aliteua makhalifa, yaani manaibu wenye idhini, nao wakateua wengine, hata alipouawa mwaka 1909 huko Somalia na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan wa tarika pinzani ya Salihiya, matawi ya Qadiriya yalikuwa yamekwisha kuota katika miji mingi ya pwani, mengine kupitia kwake na mengine kupitia masheikh wengine.

Uteuzi huo wa makhalifa ndio kiini cha jambo. Alawiya, tarika ya masharifu wa Hadhramaut, ilikuwa na heshima kubwa na wanazuoni wakubwa, lakini uongozi wake uliegemea nasaba, na nasaba haigawiwi. Ijaza hugawiwa. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Bagamoyo, ambako Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa, alifikia kuwa khalifa wa Qadiriya anayeheshimiwa na Waarabu waliomtangulia kwa kila kitu isipokuwa elimu na uchamungu. Alifariki mwaka 1931. Mtu wa namna hiyo asingeweza kujitungia ukoo, lakini silsila yake ilifika Baghdad kama ya sheikh mwingine yeyote.

Lindi na Kilwa Kivinje zilikuwa na watu wengi waliohitaji mlango wa aina hiyo. Bandari hizo zilikuwa miisho ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, ikileta pembe, watumwa, na baadaye mpira wa mwituni, na waliobaki pwani baada ya biashara hiyo kuvunjika walikuwa wageni katika miji iliyowahesabu kuwa washenzi. Kisha ukaja mfululizo wa misiba. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga watawala wa Kijerumani, alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Machemba, kiongozi wa Wayao aliyewasumbua Wajerumani kwa muda mrefu, aliondolewa mwaka 1899. Na vita vya Maji Maji, vilivyowaka mwaka 1905 kutoka Umatumbi, viliacha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Tegemeo la maji ya dawa ya Kinjikitile, nabii wa vita hivyo, lilikwisha, na wazee wa ukoo waliokuwa na mamlaka juu ya matambiko walipoteza sehemu kubwa ya uzito wao.

Ni katika hali hiyo waraka maarufu ulipozuka mwaka 1908. Ulisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, na kuwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia, watubu, wasali, waache maovu. Kaburi la Mtume liko Madina, lakini maafisa wa Kijerumani waliuita barua ya Makka, wakauona kuwa wito wa uasi mpya, na Lindi, mojawapo ya sehemu ulikosambaa kwa kasi, ikapata msako na kamatakamata. Aliyeshukiwa kuutuma kutoka Unguja ni Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan wa ukoo wa Barwani, ambao ulikuwa na mizizi Lindi. Waraka wa aina hiyo ulikuwa umekwisha kuzunguka Java tangu miaka ya 1880, na ndani yake hamkuwa na mpango wa vita. Wajerumani hawakukosea, hata hivyo, walipoona kwamba kitu fulani kilikuwa kinatembea: dhikri zilikuwa zimeongezeka, na makhalifa walikuwa wanasikilizwa na watu ambao serikali na maliwali wake hawakuwafikia.

Njia ya kupanda bara ilikuwa ile ile ya misafara, kutoka Lindi kupitia Mingoyo na kufuata bonde la Lukuledi kupitia Mtama na Nyangao kuelekea Masasi. Bonde hilo halikuwa tupu. Waanglikana walikuwa Masasi tangu mwaka 1876, na Wabenediktini walikuwa wamejenga Nyangao na Lukuledi kabla ya misheni hizo kushambuliwa mwaka 1905. Mwezi Oktoba 1917, Mahiwa, jirani na Mtama, ilikuwa uwanja wa mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki. Miaka iliyofuata ndiyo iliyoona vijiji vingi vikisilimu, na aliyewasilimisha mara nyingi hakuwa mwanazuoni mkubwa, bali mwalimu wa chuo cha Kurani, mkulima kama wenzake, aliyewahi kukaa pwani na kurudi na ijaza. Alijua kuozesha, kuzika, kuchinja na kusoma maulidi, na alijua kuongoza dhikri. Utumwa ulipofutwa kisheria chini ya Waingereza mwaka 1922, tofauti ya muungwana na mtumwa ilikuwa tayari imepungua makali ndani ya halaka, yaani duara la wasoma dhikri, ambamo watu husimama bega kwa bega.

Dhikri yenyewe iliwafaa watu wa bonde. Waliosimama huyumba kwa pamoja, pumzi ikipanda na kushuka kwa mpigo unaozidi kuharakishwa na kiongozi wao, huku qasida zikiimbwa katikati. Wapinzani waliiita ngoma iliyovaa kanzu, na kejeli hiyo, ingawa haikuwa ya haki, iliona kwamba jamii iliyozoea kukesha pamoja haikulazimika kuacha kukesha. Wanawake nao walipata nafasi ambayo msikiti wa mji haukuwapa. Mtumwa binti Ali, khalifa wa Unguja, aliifikisha Qadiriya hadi Nkhotakota katika Malawi ya leo.

Kilwa ilichukua mkondo wake. Huko iliyostawi zaidi ni Shadhiliya ya tawi la Yashruti, lililoanzishwa na Ali Nuruddin al-Yashruti huko Akka, Palestina, likafika Ngazija na kuenezwa na Sayyid Muhammad Maaruf, aliyefariki mwaka 1905. Sheikh Husein bin Mahmud aliifanya zawia ya Kilwa Pande, yaani nyumba ya ibada na mafunzo ya tarika, kuwa makao ambayo muridi wa nchi za mbali waliyategemea, na mwanawe, Sheikh Nurudin Husein, aliurithi uongozi huo.

Katika miaka ya 1950 mtandao wa makhalifa ulifaa kwa kazi nyingine, ya siasa, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuwaunganisha watu wa makabila tofauti. Simulizi za TANU, chama kilichodai uhuru, katika Jimbo la Kusini humtaja Sheikh Mohamed Yusuf Badi wa Lindi miongoni mwa walioiunga mkono mapema. Upinzani wa ndani ya dini ulikuja kwa nguvu baadaye. Ruangwa, mwanzoni mwa karne ya 21, vijana wa Ansar Suna, kundi linalopinga desturi za tarika, waligombana na watu wa tarika juu ya jeneza: kama inafaa kulipeleka makaburini kwa kutamka tahlili, yaani La ilaha illa Allah, kwa sauti, au kwa kimya. Wayao wa Malawi walikuwa wamekwisha kugawanyika kwa suala hilo hilo miongo kadhaa kabla, na kundi la wanaonyamaza likapewa jina la Sukuti. Ruangwa pande zote mbili zilifungua vitabu vya hadithi, na zote mbili zilikuwa na walimu waliozaliwa katika vijiji hivyo hivyo.