Jina la Babu na Jina la Kitambulisho



Ramadhan ni mwezi ambao misikiti yetu ya huku mlimani hupokea wageni wa kudumu, yaani watu wanaotamka shahada. Na mara nyingi, kabla mtu hajaifunza Alhamdu vizuri, anaulizwa: "Sasa utaitwa nani?" Anapewa Yusuf au Khadija papo hapo, takbir inapigwa, kwisha. Jumatatu akienda kazini kitambulisho bado kinasema Peter Mwangi, na nyumbani mama yake hataki hata kusikia hilo jina jipya. Vijana wengi wanadhani shida hii imeanza na wao. La, ina zaidi ya miaka mia moja katika miji hii.

Tuanze na wazee wetu. Kwa Wakikuyu jina la mtoto halitafutwi kitabuni. Mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana hivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa hiyo Mwangi si jina la Mwangi peke yake. Ni babu yake aliyerudi nyumbani. Kijana akitangaza kwamba yeye si Mwangi tena, mzee hasikii habari ya dini. Anasikia babake amefukuzwa bomani. Wenzangu, tukilijua hili tutapunguza ugomvi mwingi.

Halafu wakaja wamishonari. Wakatoliki wa Consolata walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, Waskoti nao wakajenga Tumutumu karibu na Karatina, na kila aliyebatizwa akatoka na jina la Ulaya. Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone Kamau mwaka 1914 huko Thogoto, baadaye akajiita Johnstone Kenyatta, na kitabu chake kilipotoka London mwaka 1938 jalada lilisema Jomo Kenyatta. Majina manne kwa mtu mmoja, na hakuna aliyemwambia si yeye. Mwai Kibaki wa Othaya naye alibatizwa Emilio, ingawa wengi wetu tulimjua kwa jina la nyumbani tu.

Serikali ya kikoloni ndiyo iliyolifunga jina kwa chuma, na si methali hiyo. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake na alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Jina likawa mali ya ofisi. Karani akilikosea, umekosewa maisha.

Uislamu nao uliingia huku na wafanyabiashara wa pwani, wapagazi na askari, waliokaa karibu na vituo vya serikali kama Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na Nyeri, iliyoanzishwa mwaka 1902. Ndiyo sababu Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru zote zina mtaa unaoitwa Majengo. Wanawake wa Kikuyu waliohamia mijini, hasa Pumwani kule Nairobi miaka ya 1920, walisilimu kwa wingi, wakapata majina mapya, na baadhi wakajenga nyumba zao wenyewe. Wakati ule jina lilibadilika kwa mdomo tu. Jirani wakikuita Fatuma, wewe ni Fatuma.

Leo mdomo hautoshi. Mtu mzima nchini Kenya ana haki ya kubadili jina kwa hati maalumu ambayo mawakili huiita didi poli, sheria tuliyorithi kwa Waingereza. Wakili anaiandika, wewe unatia sahihi, na mtu anayekufahamu anakula kiapo kuthibitisha kwamba ni wewe kweli. Hati inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, kisha tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka siku ya Ijumaa. Ukisoma matangazo yale utaona maneno mazito: fulani ameliacha kabisa jina lake la zamani, na anawaomba watu wote wamwite kwa jipya tu, wakati wote. Ukishapata gazeti hilo ndipo unakwenda kubadilisha kitambulisho.

Sasa swali: uache nini, ubaki na nini? Hapa nina mfano wa mama mmoja wa Nyeri ambaye hakuwa Mwislamu, lakini dada zetu wana la kujifunza kwake. Wangari alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Akiwa mwanafunzi kwa masista wa Mathari alijiunga na Ukatoliki akachukua jina Mary Josephine, na alipokwenda kusoma Marekani mwaka 1960 wenzake wakamwita Mary Jo. Aliporudi mwaka 1966 aliyaweka kando majina ya ubatizo akarudi kuwa Wangari Muta, Muta likiwa jina la babake. Akaolewa, akachukua jina la mume, Mathai. Ndoa ilipovunjika mwaka 1979, mume akataka aliache jina lake. Yeye akaongeza herufi moja tu, a, akawa Maathai. Ndilo jina lililosomwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Umeona? Jina la mume lilidaiwa kama deni. La Muta hakuna aliyeweza kulidai. Katika Uislamu mke halazimiki kabisa kuchukua jina la mumewe. Aisha alibaki binti Abu Bakr na Hafsa binti Umar, na hao walikuwa wake wa Mtume (S.A.W.).

Qur'ani katika Surat al-Ahzab, aya ya 5, inaamuru watu waitwe kwa baba zao. Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbaya. Binti aliyeitwa 'Asiya, yaani muasi, alimwita Jamila (kina Asia msishtuke, jina la mke wa Firauni kwa Kiarabu ni jingine). Lakini Umar na Bilal walisilimu na majina yao wakabaki nayo. Na Ikrima, ambaye babake alikuwa adui mkubwa wa Uislamu, alisilimu akabaki Ikrima bin Abi Jahl. Basi kwa nini Yusuf wetu wa Karatina afute jina la babake na kuandika Abdallah? Maoni yangu ni kwamba Yusuf Mwangi, pamoja na jina la baba, linatosha kabisa. Mwangi halina ubaya wowote.

Tena kuna shamba. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulileta kuunganisha na kusajili mashamba huku Mkoa wa Kati, na kila kipande cha ardhi kikawa na jina katika daftari. Mzee aliyeandikwa kwa jina moja, akasilimu na kuzikwa kwa jingine bila karatasi yoyote, anawaachia watoto kazi ya kuthibitisha mahakamani kwamba watu hao wawili ni baba yao mmoja. Aliyepitia kwa wakili ameshawarahisishia, kwa sababu tangazo la Gazeti Rasmi hutaja majina yote mawili, la zamani na jipya, katika aya moja.